Wota pampu ya Land Rover 109: isome ya zamani kabla hujanunua mpya

Mkuu, nimekusoma. Una Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1976, uliyoachiwa na mzee. Maji yanadondoka mbele ya injini na fundi kakuambia wota pampu imekufa. Duka moja pale Gerezani wamekuwekea mbili mezani, moja ya bei ya chini na nyingine karibu mara tatu yake, na pembeni kuna jamaa anataka kukuuzia iliyovuliwa kwenye gari bovu. Unauliza uchukue ipi, ufunge mwenyewe au umpe fundi, ufunge feni ya umeme kama ulivyoshauriwa, na kama Desemba gari litapanda mlima Kitonga mpaka Mafinga bila kukuaibisha mbele ya familia.

Wengi humu jukwaani wamekujibu kwa kutaja majina ya maboksi. Mimi nina 109 ya petroli hapa Iringa na nimeitunza miaka mingi. Kwangu boksi ni kitu cha mwisho kuangalia. Anza na hiyo pampu mbovu. Usiitupe, wala usimwache fundi aondoke nayo. Hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini na nini kingine kirekebishwe, la sivyo hata mpya utaizika.

Kwanza hakikisha injini iliyomo ni ile unayodhani. Land Rover nyingi za huku zilishabadilishwa injini zamani: utakuta 109 ina injini ya dizeli, TD27 ya Nissan au 2L ya Toyota, na kadi bado inasema petroli. Hata zile ambazo hazijaguswa zilitoka kiwandani na injini tofauti. Ya kawaida ni silinda nne, 2286 cc, ambayo watu wanaiita 2.25. Baadhi ya 109 zilikuja na silinda sita ya lita 2.6, na kuanzia 1979 zikaja za V8. Pampu zao haziingiliani hata kidogo. Ukiingia dukani ukasema tu "nipe wota pampu ya Land Rover", kijana wa kaunta atakupa ya Defender, na ukiirudisha kesho utaambiwa spea ikishatoka dukani hairudi. Ninachoandika hapa ni cha ile 2.25 ya petroli.

Pili, je, ni pampu kweli? Sehemu ile ya mbele ina njia nyingi za kuvujia: pampu yenyewe, mpira wa chini wa rejeta, gasketi ya nyumba ya themostati (kile kilango kinachofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata joto), na ule mpira mfupi mnene unaounganisha nyumba ya themostati na pampu, ambao hakuna anayeukumbuka mpaka upasuke. Feni nayo inarusha maji kila upande, kila kitu kinalowa. Kwa hiyo gari likiwa baridi kausha eneo lote kwa kitambaa, jaza maji, washa dakika chache, zima, halafu chukua tochi uchungulie nyuma ya puli ya pampu, chini ya shafti. Pale pana kitundu kidogo. Maji yakitokea hapo, pampu imekwisha, hakuna mjadala.

Kitundu hicho nakisemea kidogo maana kimewatia watu hasara. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasifuate shafti kwenda kwenye beringi: uso wa kaboni unasukumwa na springi na kusugua uso mwingine uliolainishwa. Sili ikichakaa, maji yanapita. Waliotengeneza pampu wakaacha kitundu katikati ya sili na beringi, ili maji yakishapita yatoke nje na wewe uone. Sasa mafundi wetu wengine wakiona panavuja wanapaziba. Nimeona pampu imechomekwa skrubu pale, juu ikapakwa gundi ya chuma, gari likaacha kuvuja, mwenye gari akalipa na kushukuru. Maji yakakosa pa kutokea yakaenda kwenye beringi, grisi ikaoshwa, shafti ikaanza kucheza, na siku ya siku feni ikaingia kwenye rejeta. Kama kwenye hiyo yako utakuta kitundu kimezibwa, jua kuna mtu alishaijua habari hii kabla yako.

Jaribio jingine ni la mikono. Injini ikiwa imezimwa, shika mapanga ya feni mawili yanayoelekeana, moja juu na moja chini, sukuma na kuvuta. Usitarajie kusikia chochote kikicheza. Ukisikia "tak" ndogo ya chuma, hata kama haivuji, beringi imeshaanza safari. Kisha legeza mkanda uzungushe feni kwa kidole: inatakiwa izunguke kimya, bila mkwaruzo kama wa mchanga.

Ila kama shida yako ni gari kuchemsha tu, bila kuvuja na bila shafti kucheza, usikimbilie kununua pampu. Angalia linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukishika barabara, hewa haipiti vizuri: mkanda unateleza, kava la feni halipo, au rejeta imeziba matope na wadudu kwa mbele. Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mrefu, rejeta imeziba ndani, au impela ya pampu (yale mapanga ya ndani yanayosukuma maji) imeliwa. Likipandisha presha kwenye mipira mara tu ukiwasha asubuhi, na mapovu yanatoka mfululizo mdomoni mwa rejeta, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na hata ukifunga pampu ya dhahabu halitapoa.

Haya, tuseme ni pampu. Umeshaifungua, iko mezani. Isome sasa.

Tazama impela kwanza. Kama kingo zake zimekuwa nyembamba na zimeliwa na kutu, gari limekunywa maji matupu miaka mingi bila kulenti. Mpya itaishia hivyo hivyo usipobadilisha tabia. Kama kwenye sili na kuta za pampu kuna gamba jeupe gumu, maji uliyokuwa unayatumia ni ya chumvi. Watu wa Dodoma na Singida wanayajua, maji ya kisima yanaacha ukoko kwenye birika, na ndani ya injini ni hivyo hivyo, ila huko huoni. Gamba hilo linasaga uso wa sili. Kama sili bado ni nzima lakini beringi ndiyo imelegea, lawama iende mbele ya pampu: mkanda ulikazwa kupita kiasi, au feni ina panga lililopinda na inatikisa shafti kila mzunguko. Ukiona alama za kusuguana, impela imekwaruza nyumba yake, shafti imesogea. Na kama impela inazunguka peke yake huku shafti imetulia, umepata pampu ya bei rahisi ya mtu aliyekutangulia. Hiyo ya mwisho ni mbaya kwa sababu haivuji wala hailii. Gari linachemsha na kila mtu analaumu rejeta.

Ukishajua hayo, nenda dukani na ya zamani kwenye mfuko wa plastiki. Weka ya zamani na mpya sambamba kaunta, na muuzaji akikukasirikia hama duka.

Linganisha uso unaokaa kwenye injini: matundu ya bolti yawe idadi ile ile na mahali pale pale, maana nyumba za pampu za 2.25 hazikubaki zile zile miaka yote. Linganisha urefu kutoka uso huo hadi kwenye habu ambapo puli na feni hukaa. Tofauti ya milimita chache inatosha kuufanya mkanda ukimbie upande, au kuisogeza feni karibu na rejeta. Angalia mdomo wa mpira wa chini na ule wa mpira mfupi, kipenyo na uelekeo. Halafu geuza uone impela. Mimi nachagua ya chuma cha kumimina, mapanga manene, kuliko ya bati lililokunjwa. Ya bati inasukuma maji, sikatai, lakini kwenye maji yetu inaliwa haraka na ndiyo huachana na shafti. Pitisha kidole kwenye uso wa gasketi. Ukikuta vinundu, au alama za kisu cha mashine kilichoruka, hiyo pampu itakuomba silikoni, na silikoni ndiyo mwanzo wa matatizo mengine. Zungusha shafti. Pampu mpya huwa na uzito fulani kidogo kwa sababu sili imebana, na uzito huo uwe sawa mzunguko mzima. Ikibana upande mmoja na kulegea mwingine, irudishe. Hakikisha kile kitundu kipo na kiko wazi. Kuna nyingine rangi imeziba.

Ukifanya hivyo utashangaa: mara nyingine ile ya bei ya chini inapita na ya bei ya juu inafeli. Jina kwenye boksi siku hizi linachapishwa popote. Lakini kama zote mbili zimefaulu kwenye mkono wako na fedha ipo, chukua ile ya juu, kwa sababu sili ndani huioni, na hapo ndipo watengenezaji wanapobana matumizi.

Ile iliyovuliwa kwenye gari bovu, achana nayo kama pampu. Pampu iliyokaa kavu miaka, sili yake imeganda, ikianza kuzunguka inapasuka. Lakini inunue kwa bei ya chuma chakavu kama nyumba yake ni nzima, kwa sababu ya jambo ambalo vijana wengi hawalijui: pampu hizi zinafanyiwa matengenezo. Zamani ilikuwa kawaida, ulinunua kiti, yaani seti ya vitu vya ndani, yenye shafti na beringi, sili na impela, ukamwendea fundi wa mashine. Ukiipata kiti leo, na nyumba ni ile ya kiwandani, nyumba ya zamani yenye ndani mpya inazishinda mpya nyingi za dukani. Lakini apewe fundi mwenye presi, mashine inayosukuma shafti bila kuipiga. Kuna bolti ndogo ubavuni inayoshikilia beringi isitembee, hiyo itolewe kwanza. Ukiona mtu anainua nyundo kupiga shafti, chukua pampu yako uondoke. Habu irudishwe umbali ule ule iliokuwa (pima na uandike kabla haijavuliwa), na impela isikwaruze wala isiachie nafasi kubwa, kwa sababu ikiwa mbali na ukuta maji yanazunguka mle mle bila kwenda popote.

Kuhusu kufunga mwenyewe: inawezekana kabisa, ni kazi ya siku moja kwa mtu asiye na haraka. Unachohitaji zaidi ni spana za inchi. Bolti za pampu vichwa vyake ni 7/16 na nusu inchi. Spana ya 13 itaingia kwenye ya nusu inchi lakini inacheza, na kichwa cha bolti iliyoshikwa na kutu kikishaviringika umejiongezea siku.

Vua boneti kabisa. Kama tairi la spea limefungwa juu yake, itisha mtu wa pili, usijifanye mwanaume. Fungua bomba la chini ya rejeta na lile la ubavuni mwa bloku. La bloku mara nyingi halitoi kitu kwa sababu tope limeziba, lichokonoe kwa waya mpaka litoke, maana tope hilo limekaa chini ya silinda na kuzuia maji pale penye joto. Pima maji yanayotoka, uyalinganishe na ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Yakipungua sana, mengine yako wapi? Hilo nalo ni jibu.

Rejeta naitoa kila mara. Kuna wanaoiacha wakafanya kazi kwa kubanana, kisha spana inateleza na kuchana mapezi yake. Ikiwa nje ipeleke ioshwe, tena kwa kugeuzwa, maji yaingie chini yatokee juu. Legeza oltaneta, toa mkanda, toa feni na puli yake. Kabla ya kutoa feni tia alama ya rangi upande unaotazama rejeta. Feni ikigeuzwa nyuma mbele bado itavuma upande ule ule, hutagundua, ila inavuma kwa uvivu. Nimeshaona gari lililohangaishwa mwaka mzima kwa kosa hilo la gereji.

Sasa bolti za pampu. Hazilingani urefu, na baadhi zinapita kwenye kava la taiming (lile la mbele ya injini linalofunika cheni) mpaka kwenye bloku. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, na kila bolti unayotoa ichomeke kwenye karatasi mahali pake. Ukichanganya, ndefu ikaingia kwenye tundu fupi, itagota kabla haijabana, wewe utafikiri imekaza.

Zimekaa humo pengine miaka arobaini. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jana yake jioni, na asubuhi tena. Kila bolti igonge kichwani kwa nyundo ndogo, kavukavu, kisha ujaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Ukisikia imekubali robo mzunguko, rudi, nenda, rudi. Bolti inayokaribia kukatika inakuwa laini kama mpira mkononi. Ukiisikia hivyo acha, ongeza mafuta, kanywe chai. Na kwa kuwa baadhi zinashika kava la taiming pia, usiitingishe pampu kwa nguvu ili ibanduke, wala usipenyeze bisibisi nyuma ya kava. Gasketi ya kava ikiachia, maji yanapata njia ya kwenda kwenye oili. Ukishamaliza kazi yote, siku chache za kwanza chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kila asubuhi utazame rangi ya oili.

Uso wa injini usafishe kwa wembe na msasa laini mpaka gasketi yote ya zamani iishe, huku umeziba tundu la maji kwa kitambaa. Ubao mdogo chini ya msasa husaidia uso ubaki bapa. Gasketi ya karatasi inatosha, ipake grisi nyembamba au gundi ya gasketi kidogo pande zote. Silikoni ile nyekundu inayofinywa kama dawa ya meno, weka mbali. Inayoonekana nje siyo shida. Shida ni ile iliyofurika kwa ndani, inakatika vipande na kwenda kukaa kwenye mirija ya rejeta uliyotoka kuiosha. Nyuzi za bolti zisugue kwa brashi ya waya, zipake grisi, zile zinazoingia kwenye njia ya maji zipake gundi ya nyuzi. Kaza kwa zamu, kwa mkingamo, kwa spana fupi.

Ukiwa hapo badilisha mpira mfupi wa themostati hata kama unaonekana mzima. Pampu ikiwa nje unaingia kwa sekunde. Pampu ikiwa imefungwa utatukana. Mkanda wa feni ukikazwa, ubonyeze kwa kidole gumba sehemu yake ndefu, ulegee kama nusu inchi. Watu wanaukaza mpaka unalia kama gitaa, kisha beringi ya pampu na ya oltaneta zinakufa pamoja.

Sasa themostati. Kwenye lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, nilizungumza na wenye magari kama haya kutoka mikoa mbalimbali, na wengi walikuwa wameitoa, kwa hoja kwamba "huku kwetu ni joto". Kwenye 2.25 hoja hiyo haisimami. Mpira mfupi ule ni njia ya mkato: maji yanarudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka mle mle. Asubuhi injini inachelewa kupata joto, inakula petroli na kuchakaza silinda. Mlimani haipati maji yote ya rejeta. Nunua ya nyuzi 82, na kabla ya kuifunga ichemshe kwenye sufuria ikining'inia kwa uzi, isiguse chini. Lazima ifunguke waziwazi kabla maji hayajachemka.

Mfuniko wa rejeta ndio spea rahisi kuliko zote na ndio inayodharauliwa. Wa gari lako ni wa pauni 9 kwa inchi ya mraba. Hapa Iringa tuko juu kidogo ya mita 1,500, maji matupu yanachemka kwenye kama nyuzi 95. Mfuniko mzima unakusogeza hadi kama 110. Mfuniko uliochoka mpira, umezipoteza nyuzi 15 zote kabla hujawasha gari, na utalaumu pampu mpya. Usiweke wa Toyota ulioandikwa 0.9 au 1.1, hizo ni bar, presha kubwa kuliko pauni zako 9, za rejeta nyingine. Ya kwako ni ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, itapasuka kwenye viungo.

Maji: ya mvua, au yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri (siyo tindikali, soma chupa), pamoja na kulenti ya kawaida ya bluu au kijani ya zamani, theluthi moja hadi nusu. Zile za waridi na chungwa za magari ya kisasa mimi siweki kwenye rejeta ya shaba, na kamwe usichanganye rangi. Jaza polepole, gari likiwa limeinuka pua, bomba la hita likiwa wazi, ukiuminya mpira wa juu kwa mkono ili hewa itoke. Washa bila mfuniko, ngoja themostati ifunguke, maji yatashuka ghafla, ongeza, funga. Siku ya pili asubuhi likiwa baridi, angalia tena.

Kitonga sasa. Kama hayo yote yamefanyika, gari litapanda. Kinachoziua Land Rover pale ni kufuatana na malori: unapanda taratibu, gia kubwa kuliko inavyotakiwa, injini inazunguka pole, pampu na feni nazo pole kwa sababu zote zinavutwa na injini hiyo hiyo, na mbele yako kuna lori linakupulizia joto. Shuka gia mapema, ya pili ikibidi, uache injini izunguke, na acha nafasi kati yako na lori. Ondoka Mikumi alfajiri. Mshale ukianza kupanda, fungua hita yote na madirisha. Familia italalamika lakini hita ni rejeta ndogo. Ukilazimika kusimama, usizime papo hapo, liache sailensa, injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, dakika mbili tatu ukiangalia mshale, isipokuwa kama maji yameshamwagika. Mfuniko usiuguse mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kitambaa.

Feni ya umeme sikushauri. Oltaneta ya gari hilo, kama bado ni ile ya Lucas 16ACR, inatoa ampea 34 inapokuwa kwenye nguvu yake yote. Feni ya umeme ya maana inakula karibu nusu ya hizo, na usiku una taa. Feni ya kiwandani pamoja na kava lake inatosha. Kama kava halipo, fedha ya feni ya umeme tafutia kava.

Ukishafungua, piga picha ya impela na ya uso wa sili, mbele na nyuma, uweke hapa. Na upime urefu kutoka uso wa gasketi hadi kwenye habu kwa rula, maana jamaa wawili humu nadhani wana nyumba za zamani za kuuza, na bila kipimo hicho hatuwezi kukuambia ipi inakuingia.